Moyo Una Kiongozi Wake

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupasua kambale. Umempasua tumbo, umetoa matumbo, umekata kichwa. Lakini ukitazama vizuri utaona moyo wake bado unacheza. Hata ukiutoa na kuuweka juu ya jani, utaendelea kupiga kwa muda. Watoto hushangaa sana. Wengine hukimbia.

Basi tujiulize. Ni nani anayeuambia moyo huo upige? Kichwa hakipo tena. Ubongo hauko. Mbona moyo haujasimama?

Jibu ni kwamba moyo una kiongozi wake mwenyewe, na kiongozi huyo anakaa ndani ya moyo. Samaki anaye, mbuzi anaye, na mimi na wewe tunaye. Katika somo la leo tutamjua kiongozi huyu ni nani. Tutaona pia mtu anapatwa na nini kiongozi huyu akichoka, na jinsi watu wengi wanavyoishi leo kwa kusaidiwa na betri ndogo iliyowekwa chini ya ngozi.

KIONGOZI ANAKAA WAPI

Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Ni msuli, na ndani una vyumba vinne. Vyumba viwili vya juu hupokea damu. Vyumba viwili vya chini huisukuma damu iende kwenye mapafu na mwili mzima.

Katika chumba cha juu cha upande wa kulia pana kinofu kidogo, kiasi cha punje ya harage. Kinofu hiki hutoa umeme. Usifikiri ni umeme kama ule wa kwenye nguzo. Huu ni mdogo sana, hauwezi kumshtua mtu. Lakini unatosha kuuamsha msuli wa moyo.

Sote tumewahi kuona ngoma. Manju akipiga, wachezaji wote huinua mguu pamoja. Akiharakisha, nao huharakisha. Kinofu hiki ndicho manju wa moyo. Kila kikitoa umeme, umeme huo huenea katika vyumba vya juu, navyo vinajikunja na kumimina damu katika vyumba vya chini.

Hapo katikati ya moyo, kati ya juu na chini, pana kinofu cha pili. Kazi yake ni ya ajabu. Huuzuia umeme kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa nini? Kwa sababu vyumba vya chini lazima vijae kwanza. Ukichota maji kisimani, huvuti kamba kabla ndoo haijajaa. Moyo nao hufanya hivyo. Vyumba vya chini vikishajaa, umeme huruhusiwa kushuka kwa njia maalumu, kama nyaya, mpaka chini kabisa. Vyumba vya chini hujikunja kwa nguvu, na hilo ndilo pigo unalolisikia ukigusa kifua.

Haya yote hutokea kabla hujamaliza kusema neno "moja".

Sasa tufanye hesabu. Tuseme moyo wako unapiga mara 70 kwa dakika. Kwa saa moja ni 70 mara 60, yaani 4,200. Kwa siku nzima ni 4,200 mara 24, yaani 100,800. Manju huyu hapumzika usiku, wala hana siku kuu.

Ubongo hauanzishi mapigo, lakini unaweza kumwambia kiongozi aharakishe au apunguze. Ukikimbia, ukiogopa au ukiwa na homa, moyo huenda mbio. Ukilala, huenda polepole.

Wataalamu walikijua kinofu hiki mwaka 1907, huko Uingereza. Aliyekiona ni mwanafunzi wa udaktari, Martin Flack, aliyekuwa akifanya kazi na mwalimu wake, Arthur Keith. Na hawakukiona kwanza katika moyo wa mtu. Walikiona katika moyo wa fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi. Mwaka mmoja kabla yake, Mjapani Sunao Tawara alikuwa amekwisha kukieleza kile kinofu cha pili na njia ya umeme inayotoka hapo, alipokuwa akisoma Ujerumani. Mkulima anayemlaani fuko kwa kumharibia shamba huenda asifurahi kusikia, lakini mnyama wa namna hiyo ametusaidia.

MAMA ALIYEANGUKA KISIMANI

Tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea katika vijiji vyetu.

Palikuwa na mama mmoja wa miaka 66. Siku moja alikuwa kisimani na wenzake. Alikuwa akicheka nao. Ghafla uso ulimpauka, akaanguka chini kama mti uliokatwa. Mikono ilitetemeka kidogo. Wenzake walikimbia na kumwacha, kwa kuogopa povu. Hata nusu dakika haikupita, mama akafumbua macho. Akauliza, "Mbona mnanitazama hivyo?"

Wiki mbili baadaye alianguka tena, njiani. Mara ya tatu alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni.

Watu wakasema ni kifafa. Wengine wakasema ana mashetani. Kikundi cha akina mama hakikumwita tena kupika kwenye harusi. Mkwe wake alimkataza kumbeba mjukuu mchanga. Kukatazwa huko kulimuuma kuliko mkono ulioungua. Familia ikauza mbuzi, ikampeleka kwa mganga wa jadi. Alichanjwa chale kifuani, akapewa dawa ya kujifukiza. Akaendelea kuanguka.

Mjukuu wake mwingine alikuwa darasa la sita. Shuleni walikuwa wamefundishwa kuhesabu mapigo ya moyo. Jioni moja bibi alikuwa akimenya karanga.

"Bibi, hebu nipe mkono wako kidogo."

"Wa nini tena? Utanipotezea hesabu ya karanga zangu."

"Tulia tu, Bibi."

Mtoto akahesabu, huku akitazama saa ya simu. Dakika ikaisha. Alikuwa amehesabu mapigo 34. Alidhani amekosea. Akahesabu yake mwenyewe, akapata 82. Akarudia ya bibi, akapata 33.

"Bibi, moyo wako unakwenda polepole kama mtu aliyechoka."

"Nimechoka kweli, mjukuu wangu."

Kesho yake walikwenda zahanati. Tabibu naye alihesabu dakika nzima, kisha akaandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Mtoto wake mkubwa aliuliza, "Daktari, kwani si kifafa?" Tabibu alimjibu kwamba kwa mapigo kama hayo, kwanza moyo upimwe.

NINI KILIMPATA MAMA HUYU

Hospitalini alipimwa kwa mashine inayoandika umeme wa moyo kwenye karatasi. Kipimo hiki hakiumi. Nyaya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mgonjwa hulala tu kwa utulivu.

Karatasi ilionyesha kwamba kiongozi wa moyo wake alikuwa mzima. Alikuwa akitoa umeme vizuri. Lakini njia ya kushuka chini ilikuwa imekatika. Tafadhali tuelewane hapa. Si mshipa wa damu ulioziba. Ni njia ya umeme. Ni kama manju anayepiga ngoma kilimani, na wachezaji wako bondeni hawamsikii.

Moyo haukubali kusimama upesi. Vyumba vya chini vinapokosa amri kutoka juu, huanza kujipigia vyenyewe. Lakini vyenyewe havijui kwenda haraka. Hupiga mara 20 hadi 40 tu kwa dakika. Damu inayofika kichwani huwa chache. Mtu huchoka, hupumua kwa shida akipanda mlima, na huona kizunguzungu. Na pengine vyumba hivyo husita kwa sekunde kadhaa. Hapo ubongo hukosa damu na mtu huanguka. Ubongo uliokosa damu unaweza kuifanya mikono itetemeke, ndiyo maana watu hudhani ni kifafa.

Wakati mwingine njia ni nzima lakini kiongozi mwenyewe ndiye amechoka. Anapiga polepole, au anasimama kidogo na kuanza tena. Matokeo yanafanana.

Sababu ni nyingi. Kubwa ni uzee. Kinofu na njia zake hukakamaa, kama kamba iliyokaa juani miaka mingi. Sababu nyingine ni mshtuko wa moyo na magonjwa mengine yanayoujeruhi msuli wa moyo. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na hali hii. Hakuna aliyerogwa, na hakuna anayeambukiza mwenzake.

Aliyeanguka kwa moyo mara nyingi hupauka kwanza, kisha huzinduka upesi na akili zake timamu. Mwenye kifafa mara nyingi hukaa muda mrefu amechanganyikiwa au amelala, na pengine ameuma ulimi. Lakini usikate shauri mwenyewe nyumbani. Kazi hiyo ni ya hospitali. Na hata kama ni kifafa, nacho ni ugonjwa wenye dawa hospitalini. Povu la mgonjwa haliambukizi kifafa. Wale waliomkimbia mama kisimani wangemkimbia bure, hata kama angekuwa nacho.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Mlaze chali mahali salama, mbali na moto na maji. Akiwa anapumua, inua miguu yake juu kidogo. Asipozinduka upesi, mgeuze alale ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimmiminie maji. Hesabu mapigo yake kama unaweza. Kama hapumui na hashtuki ukimwita, ita watu wa kukusaidia, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka msaada ufike.

JINSI YA KUHESABU MAPIGO

Geuza kiganja kitazame juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba, kwa maana lina pigo lake na litakudanganya. Bonyeza polepole mpaka usikie mshipa unaruka. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Lakini usimtishe kila mwenye mapigo pungufu ya 60. Kijana anayelima kila siku au mcheza mpira anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa. Dawa nyingine pia hupunguza mapigo, kama baadhi ya dawa za shinikizo la damu na hata baadhi ya dawa za matone ya macho. Kwa hiyo mgonjwa akienda hospitali abebe dawa zake zote, na daktari azitazame. Pengine tatizo ni dawa, na dawa ikibadilishwa mapigo hurudi. Usiache dawa mwenyewe bila kuambiwa.

Lakini mtu anayeanguka, au mwenye kizunguzungu na uchovu usioelezeka, na mapigo yake yako chini ya 50, huyo asingoje. Apelekwe.

BETRI YA KWANZA

Zamani mtu kama yule mama alikuwa akisubiri kufa. Katika miaka ya 1950 mashine za kwanza za kuusaidia moyo zilikuwa kubwa, na zilichomekwa kwenye umeme wa ukutani. Mgonjwa hakuweza kwenda mbali kuliko urefu wa waya. Na umeme ulipokatika je? Sisi tunajua umeme kukatika ni nini. Huko Minneapolis, Marekani, umeme ulikatika mwaka 1957, na baada ya hapo fundi Earl Bakken akatengeneza mashine ndogo ya betri ambayo mgonjwa aliweza kuivaa. Lakini hiyo nayo ilikuwa nje ya mwili.

Mtu wa kwanza kuwekewa betri ndani ya mwili ni Arne Larsson wa Sweden. Alikuwa na miaka 43. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kumwona akifa. Alisikia kwamba daktari Åke Senning na fundi Rune Elmqvist walikuwa wakifanya majaribio ya kifaa kama hicho. Akawafuata. Walimwambia hawana kifaa kilicho tayari kwa mtu. Akawaambia, basi watengeneze. Akazidi kuwabana.

Elmqvist alitengeneza. Alitaka kuzifunika sehemu za umeme kwa gundi ngumu isiyopitisha maji, naye akahitaji chombo cha kuimiminia. Akatumia kopo la Kiwi. Ndiyo, Kiwi hiyo hiyo ya viatu unayoijua wewe. Betri ya kwanza ya moyo duniani ilikuwa na umbo la kopo la Kiwi!

Tarehe 8 Oktoba 1958 Larsson alipasuliwa na kuwekewa. Kifaa kile kilifanya kazi saa chache tu, kikafa. Wakaweka cha pili. Nacho hakikudumu sana. Lakini hawakuacha, na vifaa vikazidi kuwa bora. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa ugonjwa wa saratani, siyo moyo. Daktari wake na fundi wake walikuwa wamekwisha kutangulia.

BETRI YA LEO

Madaktari hukiita kifaa hiki pesimeka. Watu wengi husema betri ya moyo, na sisi tutasema hivyo. Leo ni ndogo kuliko kiberiti. Fikiria saa ya mkononi bila mkanda wake. Ndani yake mna betri na kitu kama kompyuta ndogo sana. Inatoka na waya mwembamba mmoja au miwili.

Kuiweka hakuhitaji kupasua kifua chote. Mara nyingi mgonjwa huwa macho. Huchomwa sindano ya ganzi, kisha daktari huchana ngozi kidogo chini ya mfupa wa mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Waya hupitishwa katika mshipa wa damu mpaka ndani ya moyo, huku daktari akitazama kwa picha ya eksirei. Betri yenyewe hulazwa chini ya ngozi, na jeraha hushonwa. Kazi hii kwa kawaida huchukua saa moja hadi mbili.

Betri hii ina adabu. Haipigi ovyo. Inausikiliza moyo. Moyo ukipiga wenyewe, betri hukaa kimya. Moyo ukichelewa, betri hutoa umeme kidogo na moyo hupiga. Ni kama mtu aliyekaa nyuma ya manju akiwa na fimbo za ngoma mkononi. Manju akisinzia, yeye anagonga.

Katika Tanzania kazi hii hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Huwezi kuamka tu ukaenda huko. Anzia zahanati yako, upewe barua, na upande ngazi kwa ngazi. Hatutaki kukudanganya kuhusu fedha. Kifaa hiki ni ghali, na mkulima wa kawaida hawezi kukinunua kwa mavuno ya msimu mmoja. Uliza mapema kuhusu bima ya afya, na uonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wataalamu nao wanatafuta njia za kupunguza gharama. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani, uliofanywa katika nchi kadhaa ikiwemo Kenya, ulichunguza betri zilizotolewa kwa watu waliokufa, zikasafishwa na kupimwa upya. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, na yalionyesha kwamba betri hizo zilifanya kazi sawa na mpya. Huu ni utafiti bado, lakini unatia moyo.

KUISHI NA BETRI KIJIJINI

Turudi kwa yule mama. Alirudi nyumbani akiwa na kovu dogo chini ya mtulinga na kadi mkononi. Kadi hiyo inaeleza aina ya betri na siku iliyowekwa. Mwenye betri aitunze kama hati ya shamba, na kila aendapo safari aende nayo.

Jambo la kwanza lilikuwa ndoo ya maji. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo mwenye betri hatakiwi kuinua kiwiko cha upande ule kupita bega, wala kubeba vitu vizito. Waya ndani ya moyo haujashika vizuri bado, na ukivutwa unaweza kuchomoka. Sasa nani anaweza kujitwisha ndoo kichwani bila kuinua mikono? Hakuna. Kwa hiyo maji, kuni na kutwanga viliachiwa watu wengine wa nyumba, wanaume wakiwemo. Lakini mkono usifungwe kabisa usitikisike, maana bega litakakamaa. Auchezeshe polepole chini ya bega.

Jeraha liwe kavu na safi. Usipake samli, majivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya majani. Likivimba, likiwa jekundu, likitoa usaha, au mgonjwa akipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Betri ikianza kuonekana chini ya ngozi iliyokwisha, vivyo hivyo. Na hili tunalisema kwa mkazo, kwa sababu tunajua desturi zetu: mtu yeyote asichanje chale wala kuumika mahali palipo na betri, hata miaka ikipita. Wembe mmoja unaweza kuingiza wadudu mpaka kwenye moyo kwa kufuata ule waya.

Baada ya hapo maisha ni yale yale. Mama atalima. Atapika, atacheza ngoma, atasafiri kwa basi. Atakula chakula chochote, isipokuwa kile alichokatazwa kwa ugonjwa mwingine. Ila asibebe mkungu wa ndizi au jembe juu ya bega lenye betri, maana litaisugua ngozi.

Simu anaweza kutumia. Lakini akina mama wetu wana tabia ya kuweka simu kifuani, na akina baba katika mfuko wa shati. Mwenye betri asifanye hivyo. Simu ikae mbali na betri kwa sentimita 15, na aisikilizie sikio la upande mwingine. Sumaku ndiyo adui mkubwa. Watoto hupenda kuchezea sumaku za redio mbovu. Wasimwekee bibi kifuani. Spika kubwa za muziki nazo zina sumaku, asizikumbatie kuzibeba. Redio, televisheni, taa za sola na pasi havina tatizo. Mashine ya kusaga asiiinamie inapofanya kazi, asimame hatua moja nyuma. Kuchomelea vyuma aache mpaka amuulize daktari. Eksirei inaruhusiwa. Ile mashine kubwa ya sumaku iitwayo MRI asiingie kabla hajaonyesha kadi yake, kwa sababu baadhi ya betri zinaruhusiwa na nyingine hapana.

Betri hudumu miaka mingi, mara nyingi kati ya 8 na 12, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Haizimiki ghafla kama tochi. Huonyesha dalili mapema kwenye mashine ya kliniki, ambayo huisoma kwa juu ya ngozi bila kuchana chochote. Ndiyo sababu kliniki isikoswe, hata kama unajisikia mzima na nauli ni tatizo. Nyumbani ahesabu mapigo mara kwa mara. Kama daktari alimwambia betri imewekwa 60, na siku moja akapata 45, au kizunguzungu kimerudi, au kwikwi imemshika na haiachi, arudi hospitali.

Watu walimwuliza mama maswali mengi. Je, ukimkumbatia utapigwa shoti? Hapana. Mume na mke je? Jeraha likishapona, hakuna kizuizi. Mvua ikimnyeshea? Hakuna neno. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama mwenye betri anaweza kufa kweli, au moyo utaendelea kupiga kaburini. Mzee, atakufa kama sisi sote siku yake ikifika. Msuli uliokufa hausikii umeme. Maziko hayana shida. Ila wale ambao desturi yao ni kuchoma maiti lazima waseme mapema, betri itolewe kwanza, kwa maana hulipuka motoni.

Mkwe wake hakuuliza kitu. Siku ya kliniki ya mtoto, wiki ya nane, alimletea mama yule mjukuu mchanga, akamfunga mgongoni kwa kanga, fundo likaja upande wa kulia.

ZOEZI

Chukua daftari lako na saa. Hesabu mapigo ya watu watatu wa nyumbani kwako, mmoja wao awe mzee. Wawe wamekaa na kupumzika kwa dakika tano. Andika jina, umri na mapigo ya kila mmoja. Kisha jibu hesabu hii: mtu mmoja amehesabiwa kwa nusu dakika, yakapatikana mapigo 17. Wiki iliyopita alianguka sokoni. Ana mapigo mangapi kwa dakika, na nyinyi wa nyumbani mtamfanyia nini kesho asubuhi?